Kabla ya Dawa ya Akili, Ulizia Habari za Moyo



Leo nataka tuzungumze juu ya viungo viwili ambavyo katika maneno yetu ya kila siku tunavichanganya. Mtu mwenye huzuni tunasema ana moyo mzito. Aliyekata tamaa tunasema amevunjika moyo. Lakini huzuni haikai katika moyo. Inakaa katika ubongo, ndani ya kichwa. Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye nao, na kazi yake ni kusukuma damu usiku na mchana.

Hata hivyo viungo hivi viwili vina uhusiano ambao watu wengi hawaujui. Dawa unayomeza ili kutuliza ubongo haiendi kwenye ubongo peke yake. Inaingia katika damu, na damu yote hupita katika moyo. Kwa hiyo dawa ya akili huugusa moyo pia. Dawa nyingine huugusa kidogo tu, nyingine huugusa kwa nguvu.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa wa moyo usiwe sababu ya kumnyima mgonjwa wa akili dawa. Uwe sababu ya kumchagulia dawa vizuri. Na hakuna kuchagua vizuri ikiwa mganga hakuuliza na mgonjwa hakusema.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nina cheti, sina digrii, na sijafikisha miaka 30. Siandiki kama bingwa wa magonjwa ya akili. Naandika kwa sababu nilikosea, nikafundishwa, na napenda wewe ujifunze kabla mtu wako hajaumia.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Hospitalini ugonjwa ninaousema huitwa baipola. Ni ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi.

Katika kipindi cha kupanda mgonjwa halali wala hasikii uchovu. Anasema upesi upesi, anagawa mali yake, anaanza kazi kumi kwa siku moja na hamalizi hata moja. Katika kipindi cha kushuka mambo hugeuka. Mgonjwa hana nguvu. Hataki kula wala kuoga. Hafurahii hata mtoto wake mwenyewe. Anajiona mzigo kwa wengine. Hali hii ndiyo inayoitwa sonona.

Mgonjwa akipanda, kijiji kizima hujua, maana kuna kelele. Akishuka hakuna kelele, kwa hiyo tunadharau. Tunasema ni mvivu, au ametupiwa jini. Lakini kwa wagonjwa wengi siku za kushuka ni nyingi kuliko siku za kupanda. Tena ndizo siku zenye hatari kubwa ya mtu kujiua. Kwa hiyo sonona ya baipola lazima itibiwe, na mara nyingi hutibiwa kwa dawa.

KOSA LANGU

Mama mmoja mkulima, umri wake kama miaka 40, alikuja zahanati akiwa katika hali ya kushuka. Alikuwa na karatasi ya zamani kutoka mahali pengine, imeandikwa dawa ya amitriptilini. Alikuwa bado anaitumia. Nilimwona amekonda na hatazami mtu usoni. Nikaona dozi ni ndogo, nikamwongezea. Sikumshika mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Sikumpima presha. Sikutazama miguu yake. Kulikuwa na foleni ndefu siku hiyo, nami nilijiambia kwamba huyu ni mgonjwa wa akili, shida yake iko kichwani.

Baada ya wiki mbili kaka yake alimleta kwa baiskeli.

“Shikamoo mjomba,” nilisema.

“Marahaba mwanangu. Huyu dada yangu ameanguka njiani akienda kisimani. Alisimama tu, akaona giza. Na miguu hii, itazame.”

Miguu ilikuwa imevimba. Nilipomshika mshipa wa mkono, mapigo yalikuwa hayana mpango: mawili upesi, moja likachelewa, matatu upesi tena. Nilimwuliza kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo. Akajibu kwa sauti ndogo, “Tangu nikiwa msichana. Hukuniuliza, mwanangu.”

Niliogopa sana. Na kwa hofu yangu nikafanya kosa la pili. Nilimwambia kaka yake, “Acheni dawa zote za akili. Zinamharibu moyo.” Niliwaandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, lakini sikufuatilia. Nauli haikupatikana.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda kuwatazama nyumbani. Miguu ilikuwa imevimba zaidi. Mama yule alikuwa amelala ameelekea ukutani. Alikuwa anakunywa uji vijiko viwili kwa siku. Nilipomwuliza anafikiria nini, alisema kwamba watoto wake wangekuwa na maisha mazuri zaidi kama yeye asingekuwapo.

Ndipo nilipoelewa. Kwanza nilimhatarisha kwa kumpa dawa bila kuutazama moyo. Halafu nilimhatarisha tena kwa kuutazama moyo peke yake na kumsahau mwenye moyo. Siku ile ile tulichanga nauli, tukaenda naye hospitali. Yaliyotokea huko nitayaeleza mbele. Kwanza tuone dawa hufanya nini.

DAWA INAUFANYA NINI MOYO?

Moyo una umeme wake mdogo. Kila pigo huanza kwa cheche inayosafiri kutoka sehemu ya juu ya moyo hadi ya chini. Baada ya pigo, moyo hupumzika kidogo sana na kujipanga upya kwa pigo linalofuata. Dawa za akili zaweza kuugusa moyo kwa njia nne.

Kwanza, dawa nyingine huchelewesha umeme njiani. Kama njia ya umeme tayari ina ubovu, mapigo yaweza kuwa ya polepole mno au kukatika.

Pili, dawa nyingine hurefusha ule muda wa moyo kujipanga upya. Muda huo ukirefuka mno, pigo jipya laweza kuingia kabla moyo haujawa tayari. Hapo mapigo huvurugika. Mtu huzimia, na mara chache hufa ghafla.

Tatu, dawa nyingine hushusha presha mtu anaposimama. Huona giza na kuanguka. Wazee huvunjika nyonga kwa njia hii.

Nne, ziko dawa zisizouumiza moyo leo, lakini huleta njaa kubwa, unene, sukari na mafuta mengi katika damu. Hatari yake huja polepole, baada ya miaka, kama mchwa katika nguzo ya nyumba.

Basi kuna hatari ya haraka na hatari ya polepole. Mganga anayechagua dawa hana budi kuzifikiria zote mbili.

DAWA MOJA MOJA

Sitaki ukariri majina haya ili ujichagulie dawa dukani. Nataka uyafahamu ili uweze kuuliza.

Amitriptilini ni dawa ya zamani ya huzuni, na vijijini inajulikana sana. Huchelewesha umeme wa moyo na kushusha presha mtu anaposimama. Haifai kwa mtu ambaye njia ya umeme ya moyo wake ina ubovu, wala kwa aliyepata shambulio la moyo karibuni. Mtu akimeza nyingi kupita kiasi, yaweza kumwua. Tena kwa mwenye baipola, dawa ya huzuni ikitolewa peke yake yaweza kumrusha kutoka katika kushuka hadi katika kupanda. Mimi nilikuwa sijui yote haya siku ile nilipoongeza dozi.

Sitalopramu ni dawa ya huzuni ya baadaye, na kwa moyo ni nafuu kuliko amitriptilini. Lakini nayo ina mpaka wake. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dozi isizidi miligramu 40 kwa siku, kwa sababu dozi kubwa hurefusha muda wa moyo kujipanga. Mwaka 2012 ikaongeza kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 60 wasizidi miligramu 20.

Lithiamu ilianza kujulikana kwa kazi hii mwaka 1949, kutokana na daktari John Cade wa Australia. Ni dawa bora kwa baipola na inatumika mpaka leo. Lakini tofauti kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni ndogo, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Yaweza kupunguza mwendo wa mapigo. Kwa mgonjwa wa presha au moyo kuna mtego mwingine. Baadhi ya dawa za presha, hasa dawa za kukojoza maji, huifanya lithiamu irundikane mwilini. Hali kadhalika dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Hata kuacha chumvi ghafla ni hatari, maana mwili ukikosa chumvi hushikilia lithiamu. Kuharisha, kutapika na kutoka jasho jingi shambani bila kunywa maji huleta matokeo yale yale.

Kwetiapini ilikubaliwa Marekani kwa sonona ya baipola mwaka 2006. Inasaidia vizuri na huleta usingizi. Lakini hushusha presha mtu anaposimama, huongeza unene na sukari, na huugusa umeme wa moyo kidogo.

Olanzapini ikichanganywa na fluoksetini ilikubaliwa kwa kazi hiyo hiyo mwaka 2003. Sifa yake ni kutibu, na lawama yake ni unene na sukari. Mwenye kisukari afikirie mara mbili pamoja na daktari wake.

Lurasidoni ilikubaliwa kwa kazi hiyo hiyo mwaka 2013. Kwa unene na kwa umeme wa moyo ni nyepesi kuliko hizo mbili. Lakini dawa nyepesi isiyopatikana karibu nawe, au usiyoweza kuilipia kila mwezi, haiwezi kukusaidia. Bei na umbali navyo vinaingia katika mizani.

Lamotrijini hutumika hasa kuzuia mgonjwa asishuke tena. Haileti unene. Dozi yake huongezwa polepole kwa wiki nyingi, kwa sababu ikiharakishwa yaweza kuleta upele mbaya wa ngozi. Mwaka 2021 mamlaka ile ile ya Marekani ilionya kwamba yaweza kuvuruga mapigo kwa watu ambao tayari wana ubovu wa moyo. Hapa tunajifunza jambo. Dawa ile ile ni nyepesi kwa moyo mzima, na yataka tahadhari kwa moyo mbovu. Kwa hiyo usiulize tu, “Dawa hii ni nzuri?” Uliza, “Dawa hii ni nzuri kwangu mimi?”

Kabamazepini, ambayo wengi wanaijua kwa kifafa, nayo hutumika kwa baipola. Huchelewesha umeme wa moyo, na haipewi mtu ambaye umeme wa moyo wake unakatika njiani.

Dawa nazo huondolewa zikionekana hazifai. Thioridazini ilitumika miaka mingi kwa wagonjwa wa akili. Ilipoonekana kwamba inavuruga mapigo kwa hatari, kampuni iliyoitengeneza iliacha kuiuza duniani mwaka 2005. Elimu ya dawa husonga mbele. Karatasi ya miaka kumi iliyopita isifuatwe kama msahafu, kama nilivyofanya mimi.

MIZANI INA SAHANI MBILI

Umeona dukani mizani yenye sahani mbili. Upande mmoja mwenye duka huweka jiwe, upande wa pili sukari. Akitazama upande mmoja tu, atamdhulumu mtu. Katika kuchagua dawa ni vivyo hivyo.

Sahani ya kwanza ina hatari za dawa kwa moyo, ambazo tumeziona. Sahani ya pili ina hatari za ugonjwa usiotibiwa, na watu wengi huisahau. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Wengine hujiua. Lakini wengi hufa kwa magonjwa ya mwili, na magonjwa ya moyo na mishipa ni miongoni mwa makubwa.

Kwa nini? Sababu moja ni dawa zinazoleta unene na sukari. Hilo ni kweli na tusilifiche. Lakini sababu nyingine ni ugonjwa wenyewe. Mtu aliye katika sonona hatembei, halali vizuri, huvuta sigara zaidi, hunywa pombe, na dawa zake za presha huzisahau. Na sababu nyingine ni sisi waganga. Mgonjwa wa akili akisema kifua kinambana, tunasema ni mawazo yake. Presha yake haipimwi. Sukari yake haipimwi. Anatoka zahanati na ugonjwa ule ule alioingia nao.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema, “Dawa za akili zinaua moyo, tupeni.” Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Mtu akiacha dawa ghafla, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu. Vile vile siwaungi mkono wanaosema, “Meza tu, usiulize maswali.” Kuuliza si utovu wa adabu.

MAMBO YA KUMWAMBIA MGANGA

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Kabla ya kuanza dawa ya akili, au ya kubadilishiwa, mwambie mganga mambo haya hata kama hakuuliza:

1. Kama umewahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, presha, kisukari au figo.

2. Kama umewahi kuzimia, kuona giza unaposimama, au kusikia moyo unaruka-ruka. Sema pia kama miguu inavimba, au kama usiku unashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

3. Kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Msiharakishe kusema alirogwa. Mwambieni mganga alivyokufa.

4. Dawa zote unazotumia, pamoja na za presha, za maumivu, za dukani na za miti shamba. Chukua makopo na karatasi zake, uende nazo.

5. Kama umekuwa ukiharisha au kutapika. Hali hiyo huondoa madini ya potasiamu, na moyo usio na potasiamu ya kutosha huvurugika kwa urahisi.

6. Kwa akina mama, kama una mimba au unanyonyesha.

Liko jambo la saba, na kwetu ni kubwa. Ni malaria. Dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini, na pia kwinini, zaweza kurefusha ule muda wa moyo kujipanga upya. Baadhi ya dawa za vijidudu, kama erithromaisini na azithromaisini, nazo ni hivyo. Zikikutana na dawa ya akili yenye tabia hiyo, hatari huongezeka, hasa kwa mwenye moyo mbovu. Sisemi uache kutibu malaria. Malaria haingoji, nayo huua upesi. Nasema umwambie anayekupa dawa ya malaria kwamba unatumia dawa ya akili, na uitaje kwa jina.

BAADA YA KUANZA DAWA

Rudi siku uliyoambiwa. Upimwe uzito, presha na mapigo. Ikiwezekana upimwe na sukari. Kama una ubovu wa moyo, omba kipimo cha umeme wa moyo kabla ya dawa na tena baada ya dozi kukaa sawa. Kipimo hicho hakiumi. Unalala, unawekewa vinasio kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inachora mapigo katika karatasi.

Ukiamka, kaa kitandani kwanza, kisha simama taratibu. Usiongeze dozi wala kupunguza kwa ushauri wa jirani.

Kimbilia hospitali mara moja ukiona mambo haya: kuzimia, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au mapigo yanayokwenda ovyo bila kutulia. Kwa anayetumia lithiamu, kutetemeka sana, kuyumba kama mlevi na kutapika ni dalili za sumu. Asimeze dozi nyingine kabla ya kuonwa na mganga.

Na nyinyi ndugu wa mgonjwa, mkimsikia anasema maisha hayana maana, msimkemee. Mwulizeni wazi, “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Asibaki peke yake, na mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo. Dawa zake zitunzwe na ndugu mmoja, na dawa za kuulia wadudu wa shambani zifungiwe mbali.

NENO KWA WAGANGA WENZANGU

Wako watakaosema, “Zahanati yetu haina mashine ya umeme wa moyo. Tufanye nini?” Nami nilisema hivyo. Lakini nina vidole vitatu na saa. Nina mashine ya presha. Nina mizani ya kupimia uzito. Nina mdomo wa kuuliza na kalamu ya kuandika. Siku ile ningetumia vidole na mdomo tu, yule mama asingeanguka njiani. Kosa langu halikutokana na uhaba wa mashine. Lilitokana na kumwona mgonjwa wa akili kama mtu asiye na mwili.

Naomba kila mganga wa zahanati afanye jambo hili: katika kadi ya kila mgonjwa wa akili aandike mapigo, presha na uzito siku ya kwanza, na kila anaporudi. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na yana mpango. Ukiona yamezidi, yamepungua au yamevurugika, usiongeze dawa. Usizifute zote kwa hofu pia. Mpigie simu daktari wa wilaya, mpe rufaa, na ufuatilie kama amefika. Barua ya rufaa iliyobaki mfukoni mwa mgonjwa haijatibu kitu.

YULE MAMA

Hospitalini walimpima umeme wa moyo, kisha wakampima kwa mashine ya picha. Ilionekana milango ya moyo wake iliharibika tangu utotoni, kutokana na maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Daktari alikaa nasi, yeye, kaka yake na mimi, akaeleza polepole.

Amitriptilini hapana, kwa sababu ya moyo na kwa sababu ya baipola yenyewe. Lithiamu ni nzuri, lakini mama huyu sasa anahitaji dawa ya kukojoza maji, na anakaa mbali na maabara. Lamotrijini inataka tahadhari kwa moyo wa namna hii. Akachagua kwetiapini kwa dozi ndogo, akapima potasiamu, na baada ya siku chache akarudia kipimo cha umeme wa moyo. “Nayo ina ubaya wake,” alisema. “Lakini ubaya wake naweza kuutazama. Sonona hii nikiiacha, siwezi kuitazama.”

Sikuondoka nikiwa na digrii siku ile, lakini maneno hayo niliondoka nayo.

Mama yule hakupona kama kwa muujiza. Bado anatumia dawa za moyo, na uzito wake umeongezeka kidogo, kwa hiyo tunaufuatilia. Lakini msimu huu amepalilia shamba lake, akipumzika kila baada ya tuta moja. Kila mwezi anakuja zahanati, na kabla sijasema neno ananinyoshea mkono. “Hesabu kwanza, mwanangu,” ananiambia. Nami nahesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni makala haya pamoja na wenzenu, kisha mjadiliane:

1. Katika kijiji chenu, mtu aliye katika sonona huitwaje? Jina hilo linamsaidia au linamficha?

2. Je, kuna mgonjwa wa akili unayemjua ambaye presha yake haijapimwa mwaka huu? Nani atamsindikiza?

3. Mgonjwa akipewa rufaa na nauli hakuna, kijiji chaweza kufanya nini kabla ya siku hiyo kufika?